Ipasuliwe Siti ya Mwalimu

Wiki iliyopita niliwaacha katikati ya makutano ya barabara, gari limezimika, kila dereva ananipigia honi, na shingo yangu imegoma kugeuka. Basi sikufa. Wapo walioniandikia kunipa pole, nawashukuru. Na yupo mmoja aliyeandika kwamba natia chumvi, eti siti ya gari haiwezi kumlemaza mtu mzima mwenye akili zake.

Huyo nina neno naye leo. Leo nitamweleza kilichokuwa ndani ya siti. Kama anasoma huku anakula, asogeze sahani kwanza.

Kwa ambaye hakuwa nasi: mimi ni mwalimu wa udereva. Mwanafunzi anakaa kwenye usukani, mimi nakaa siti ya pembeni, mguu juu ya breki ya pili, ile inayowekwa kwa ajili yetu ili tusife kila siku. Jicho moja liko barabarani, jingine liko kwenye miguu ya mwanafunzi. Nakaa hivyo, nimejipinda, tangu asubuhi mpaka jioni.

Siti za mbele za magari yote matatu ya shule zilishonwa upya na mume wangu. Yeye ni fundi wa siti, na mtaani wote wanamwita Fundi, hata mimi. Tangu alipozishona, mgongo na shingo havijawa vyangu tena.

Ukikaa kwenye ile siti unazama kama umekalia ndoo. Ukishazama, chuma cha chini kinakusalimia kwenye nyonga. Kiegemeo cha kichwa nacho kimeshindiliwa mpaka kimekuwa gogo, kinakusukuma kisogo mbele, na siku nzima unatembea barabarani kidevu kifuani kama mtu anayetafuta sindano. Mwanafunzi akikanyaga breki ghafla, na wanafunzi hawajui kukanyaga kwa namna nyingine, kichwa kinakwenda na kurudi, na lile gogo linakungoja palepale.

Halafu kuna harufu. Jua likipanda, gari likipata joto, inakuja polepole kutoka chini ya makalio yako. Nilifungua vioo, nikatundika manukato, nikasugua sakafu kwa sabuni. Haikutoka. Kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa naijua ile harufu, ila sikuweza kusema naijulia wapi.

Sasa tuendelee.

Kesho yake baada ya lile balaa la makutano niliitwa ofisini kwa mwenye shule. Tunamwita Mzee Klachi, kwa sababu akiwa ofisini kwake, mlango umefungwa, anasikia klachi ikisuguliwa uwanjani na anajua ni ya gari gani.

"Kaa, Mwalimu."

"Nitasimama, Mzee. Kukaa ndiko kunakoniua."

"Umeniachia gari katikati ya barabara."

"Shingo ilikataa kugeuka."

"Shingo." Alilitamka hilo neno kama vile ni mtu aliyekwisha kumdanganya mara nyingi. "Hizo siti ameshona nani?"

"Mume wangu."

"Sponji nilinunua mimi. Mpya, ile nzito. Nikaipeleka kwenye karakana yake mwenyewe, kwa gari langu. Sasa mume anashona, mke analalamika, kesho mume anaitwa ashone tena. Mnaniona mimi mtoto?"

Nilimtazama. Unafanya kazi na mtu, unamfundishia wanafunzi wake mpaka sauti inakauka, unaokoa magari yake yasiingie mitaroni, halafu anakutazama usoni na kukuita mwizi kwa adabu. Nilisikia kinyaa, si cha kutapika, kile cha kutaka kunawa mikono.

"Mzee, mimi naumwa."

"Yupo kijana anaitaka nafasi yako," akasema. "Shingo yake inageuka vizuri kabisa. Kesho asubuhi niletee funguo za gari tuachane kwa amani."

Wasomaji, naomba mnielewe hapa. Ile kazi si kazi tu. Kabla ya kuipata nilikaa ndani muda mrefu nikimuuguza mama mkwe, ambaye alikuwa hawezi kuinuka kitandani. Nilikuwa mtu wa beseni, mtu wa kitambaa, mtu wa kuitwa "wewe, njoo unigeuze." Sikuwa na jina lingine. Alipofariki ndipo nikatoka nje, nikaomba kazi, watu wakaanza kuniita Mwalimu. Kuzitoa zile funguo ilikuwa ni kurudi ndani.

"Ipasuliwe," nikasema.

"Nini?"

"Siti. Ipasuliwe mbele yako na mbele ya kila mtu. Ikionekana ni nzima, nakukabidhi funguo na sikudai chochote. Ikiwa na kasoro, nabaki, na unaniomba radhi uwanjani, si humu ndani."

Mzee Klachi akakuna kidevu. Hakuipenda ile sehemu ya mwisho, niliona. Lakini mtu akishakuita mwongo na wewe ukajitolea kupekuliwa, anakosa pa kupitia.

"Kesho asubuhi," akasema.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Fundi anakunywa chai. Sikumzungusha.

"Kesho wanapasua siti."

Chai ikampalia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe una akili kweli? Mke gani anapasua kazi ya mumewe mbele za watu?"

"Mke ambaye hawezi kugeuza shingo."

Akaweka kikombe chini. Sauti ikalainika ghafla, na mimi nikamjua hapohapo, maana Fundi akilainika ujue kuna jambo. "Nipe funguo za gari, mama. Niende nikaitoe ile siti sasa hivi. Nitairekebisha kimyakimya, kesho utakaa kama uko kwenye kochi."

"Mbona hukuirekebisha nilipolia mwezi mzima?"

"Nilikuwa na kazi nyingi."

"Basi iache. Kesho tutajua."

"Ukiipasua hiyo siti," akasema, "unanipasua mimi."

Nilidhani ni majivuno ya fundi. Hawa watu ukigusa mshono wao umegusa ukoo wao. Nikamwacha na chai yake, nikaenda kujilaza.

Kitu kimoja nilikuwa namshukuru Fundi, na nilikuwa nakisema hata kwa majirani: godoro. Baada ya msiba wa mama yake alinitengenezea godoro kwa mikono yake, nene, zito, linalokushika mgongo bila kukuzamisha. Lilikuwa na maungio katikati, mstari mgumu wa gundi ambao nilikuwa nauhisi chini ya shuka. Nilipomuuliza aliniambia hata viwandani huunganisha hivyo. Dunia nzima, ni pale tu ambapo kiuno changu kilikuwa kinanisamehe.

Asubuhi Fundi hakuwepo. Alikuwa ametoka bila kuaga.

Uwanjani walikuwa wameshajaa. Habari za kupasua siti zilikuwa zimeenea. Wanafunzi wangu wote walifika, hata ambao siku yao haikuwa hiyo. Mbele kabisa alisimama mwanamama mmoja tunayemwita Bibi Harusi, kwa sababu anaendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikizwa ukumbini. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku ya makutano, na alikuja kunitetea.

Makanika wa shule aliifungua siti yangu, akaitoa garini, akaiweka juu ya meza ya vyuma. Mzee Klachi akasimama mikono nyuma.

"Anza," akasema.

Makanika akakata uzi wa kava. Ule mshono ulikuwa mzuri, nasema kweli, umenyooka mwanzo hadi mwisho. Niliuona ukikatwa na roho ikaniuma. Kushona, yule mwanamume anajua.

Kava likatoka. Chini yake ikaonekana sponji. Nyeupe, safi, mpya kabisa.

"Sponji yangu hii hapa," akasema Mzee Klachi, na akawageukia watu. "Mmeiona?"

Waliiona. Mimi pia niliiona.

"Funguo, Mwalimu."

Nilitia mkono mfukoni. Nilikuwa nimeshazishika. Wakati huohuo Makanika akaibonyeza ile sponji kwa kidole, na kidole kikaenda moja kwa moja.

"Mzee," akasema, "hii ni ngozi tu. Nyembamba kama kitambaa. Chini kuna kitu kingine."

"Chimba," nikasema.

Akaifunua ile sponji mpya kama mtu anayefunua blanketi. Kisha akarudi nyuma hatua nzima na kuziba pua kwa kiwiko.

Harufu ikatoka. Ilikuwa ileile ya garini, ila sasa haikuwa na kava la kuizuia. Ilikuwa ya mkojo wa zamani na dawa ya kuchua na jasho la mtu aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa. Watu wakatawanyika. Bibi Harusi akafunika uso kwa khanga yake.

Makanika akachomoa pande la kwanza kwa koleo, kwa mkono alikataa. Lilikuwa la rangi ya chai iliyomwagika, lina duara juu ya duara, na limelegea kama mkate uliolowa maji. Akachomoa la pili. Hilo la pili lilikuwa bado lina kitambaa chake upande mmoja, kwa sababu sponji ikishaoza hivyo inamomonyoka, na fundi mvivu huikata na kitambaa chake ili isimwagike.

Kitambaa kilikuwa cha maua ya bluu. Katikati ya maua kulikuwa na kiraka, na kiraka kilishonwa kwa uzi wa kijani.

Ule uzi niliushona mimi.

Godoro la mama mkwe lilipopasuka katikati, nyumbani hapakuwa na uzi mwingine ila huo. Nilimlaza ubavu, nikakaa nyuma ya mgongo wake, nikashona. Naye, pamoja na maumivu yote aliyokuwa nayo, aligeuza kichwa kidogo akatazama akasema, "Uzi wa kijani kwenye maua ya bluu, mwanangu, kweli huoni aibu?" Tukacheka. Ni moja ya siku chache tulizocheka.

Alipofariki, Fundi alilibeba lile godoro mwenyewe. Alisema anakwenda kulichoma. Alirudi jioni ananuka moshi, na mimi nikampashia maji ya kuoga.

Sasa lilikuwa pale mezani. Na mliowahi kumuuguza mtu wa kitandani, mnajua katikati ya godoro panakuwaje. Ile katikati ndiyo nilikuwa nimeikalia. Makanika alipopasua kiegemeo cha kichwa, alitoa ncha nyingine ya godoro, imeviringishwa na kukazwa kwa kamba. Ile nilikuwa naiegemezea kisogo, na siku za joto shavu.

Nilifika mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Hapo nikatapika kila nilichokula na nilichokuwa nimepanga kula.

"Mwalimu," Bibi Harusi akaniuliza, amenishika mabega, "unakijua hicho kitu?"

"Ni godoro la mama mkwe wangu. Marehemu."

Aliniachia mabega. Kisha nikamwona anakung'uta sketi yake kwa nyuma, taratibu, akidhani simwoni.

Mzee Klachi alikuwa amebadilika rangi. "Na magari mengine?" akauliza.

Makanika akapasua. Mengine yalikuwa hivyohivyo, ngozi mpya juu, maua ya bluu chini. Uwanja mzima ukawa unanuka kama chumba cha mgonjwa. Halafu Makanika, ambaye hana staha, akasema, "Mzee, si Fundi alikuongezea na wewe sponji kwenye siti ya gari lako? Ulituambia amekufanyia bure, kama shukurani."

Mzee Klachi akalitazama gari lake. Alijishika nyuma ya suruali, akaiachia haraka, akatafuta pa kufutia mkono na hakupaona.

Sikucheka. Nilitaka, lakini nilikuwa bado nafuta mdomo.

Lazima niseme, neno lake alilitimiza. Alisimama palepale mbele ya wanafunzi, akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Nilikuita mwongo na wewe si mwongo. Mtu anayejipasulia mumewe mwenyewe hadharani ni mtu wa kweli. Kazi yako ipo."

Nikavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya kwanza tangu jana.

"Lakini," akasema, "mle ndani hamna hata robo ya sponji yangu. Nyingine iko wapi?"

"Sijui, Mzee."

"Najua hujui. Yeye anajua. Twende kwake."

"Niache nitangulie. Ni mume wangu. Nikimkosa mimi, njoo wewe na unayemtaka."

Alifikiri, akakubali. "Nakuamini. Nitakuja alasiri, na neno utakaloniambia wewe ndilo nitakalolichukua. Ila nikija kujua mlikula pamoja, Mwalimu, hutafundisha kwangu wala kwingine. Shule zote tunajuana."

Fundi nilimkuta nyumbani, chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni. Alikuwa anangoja. Nikafunga mlango wa chumba nyuma yangu.

"Ulisema umelichoma."

"Nilichoma mito," akasema.

"Ukamchukua mama yako ukanikalisha juu yake."

"Si mama, ni godoro. Sponji ni sponji. Fundi wa siti hatupi sponji, unajua hilo tangu tunaoana."

"Nilikuambia kuna harufu. Nilikuambia mara ngapi?"

"Nilipuliza manukato."

Alilisema hilo kwa dhati kabisa, kama mtu anayetaja jema alilolifanya. Nilimtazama mdomo wake, nikatazama mikono yake, ile iliyokata godoro la mama yake mzazi na kuja kula nami sahani moja jioni hiyohiyo, na ngozi yangu ikasisimka. Nilitaka kuvua kila kitu alichowahi kukigusa.

"Sponji ya Mzee umemuuzia nani?"

"Sijauza."

"Fundi, yule mtu anakuja sasa hivi. Umemuuzia nani?"

"Nimekwambia sijauza. Ningeuza, ungeona kitu kipya humu ndani?"

"Basi iko wapi?"

Alitazama viatu vyake. Alipoanza kusema, hakunitazama.

"Unakumbuka ulivyokuwa baada ya msiba? Ulikuwa huwezi kuinama hata kufunga kiatu. Ulimgeuza mama peke yako siku zote zile, mimi niko karakanani najitia nina kazi. Mgongo ukakuharibikia. Nesi akasema ulale kwenye godoro zuri. Mimi godoro zuri nitalipata wapi? Ile sponji ilikuwa imekaa pale, nzito, mpya. Nikaiangalia nikasema, hii wanakwenda kukalia watu wasiojua hata kubadili gia."

Nikakaa. Nilikaa hapohapo kitandani, kwa kuwa hapakuwa na pengine, na mkono wangu ukateleza chini ya shuka ukaugusa ule mstari wa gundi.

Nilikuwa nalala juu ya siti za Mzee Klachi.

Sasa mtaniambia, alifanya kwa mapenzi. Labda. Mapenzi gani hayo ya kumtibu mtu mgongo anapolala na kumvunja anapokaa? Aliliondoa godoro la mama yake kwa mlango huu, akanirudishia kwa mlango ule. Nilimchukia. Na nilijichukia na mimi, kwa sababu wakati namchukia hivyo, kiuno changu kilikuwa kimeshalegea pale kitandani na maumivu yalikuwa yanashuka.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Mzee Klachi. Mlango wa nje ulikuwa wazi, akaingia sebuleni. Nilimsikia Makanika, aliyekuja naye, akijivutia kiti bila kukaribishwa, nikamsikia Mzee akimzuia. "Usikae. Nyumba hii usikae popote."

Fundi akanisogelea, akanong'ona. "Mwambie nimeuza. Mwambie hujui kwa nani. Nitafungwa mimi, wewe utabaki na kazi yako."

"Nitasema uongo nikiwa nimeukalia?"

"Ukisema kweli atasema tulikula wote. Nani atakubali kwamba ulilala juu yake muda wote huo hujui?"

Hapo alikuwa na haki. Nani angekubali? Mimi mwenyewe, ningesimuliwa, nisingekubali.

"Mwalimu," Mzee Klachi akaita kutoka sebuleni. "Nimekuja kwa neno lako. Sponji yangu unajua iliko, hujui?"

Niliinuka. Nikashika shuka kwa mikono miwili nikalivuta lote likaanguka sakafuni. Nikavuta na kava. Sponji ikabaki wazi, nyeupe, na mstari wake wa gundi katikati, na alama ya mwili wangu upande wa dirishani.

Nikaenda kwenye mlango wa chumba. Fundi alikuwa ameshafika kabla yangu, ameuegemea kwa mgongo. Hakunishika, hakufoka. Alinitazama shingo, vile inavyokaa upande siku hizi, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Ukifungua, leo utalala wapi?"

Upande wa pili wa mlango, Mzee Klachi akagonga.